Pantoni ya Uani kwa Bibi

Jana hapa shuleni waliweka kamba mpya kisimani. Ya katani, bado ngumu kama fimbo, na ilipopanda na ndoo ya kwanza, imelowa, ikatoa ile harufu ya majani yaliyovundikwa. Wenzangu walikunja pua wakaendelea na zamu. Mimi niliinama nikasingizia mwiba mguuni, viganja nimevifumba kama zamani.

Sijawahi kumsimulia mtu. Mwalimu akiita jina langu tu, masikio yananiwaka, na wasichana wa bwenini wameshanizoea, hawaniulizi kitu. Lakini karatasi hainitazami usoni. Basi niandike, na wewe wa rika langu uliyewahi kukaa jikoni ukasikiliza wakubwa wakipanga mambo yako bila kukutaja, utanielewa.

Nilikuwa bado na meno ya utoto. Baba alikuwa kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini. Nilimjua kwa blanketi moja la mistari alilotuma, na kwa jinsi bibi, mama yake mzazi, alivyoshusha sauti kila alipofika kwenye jina lake katika sala. Kisha baridi ilipoanza, mjomba Zakaria, mdogo wake mama, ambaye naye alifanya kazi huko huko, akaja likizo na viatu vinavyolia. Akatua kwetu Kifanya na ujumbe: baba amepata nyumba, chumba kimoja na jiko, na anamtaka mkewe na watoto. Mjomba atatupeleka mwenyewe akirudi kazini. Lori tutalipandia Makambako.

Na watoto. Hilo nililisikia vizuri. Lakini watoto tulikuwa wawili, mimi na Yoeli wa mgongoni, na kwetu si ajabu mtoto wa kwanza wa kike kuachiwa bibi, amwashie moto na kumchotea maji. Hakuna aliyesema nitabaki. Hakuna aliyesema nitakwenda. Mtoto haulizi safari ya wakubwa. Anasubiri aone ni nguo za nani zimefuliwa.

Mjomba aliipanga safari ile sakafuni, kando ya mafiga. Alichukua kipande cha mkaa akachora mstari kwenye udongo, na juu ya mstari akaweka viazi. Kiazi cha kwanza kilikuwa Tanganyika. Kilichofuata, Rhodesia. Baada yake kimoja kidogo, chenye macho mengi, Kongo ya Wabelgiji. Halafu kingine, Rhodesia tena.

“Ngoja kwanza,” bibi alisema. “Rhodesia si mmeshaipita?”

“Tumeipita, mama. Ila Kongo imejipenyeza katikati kama kidole. Unatoka Rhodesia, unavuka mto Luapula kwa pantoni, unaingia Kongo, unaikata mchana huo huo, unaingia tena Rhodesia.”

“Kwa nini msiingie mara moja mkabaki humo humo?”

“Njia ya kuzunguka ni ndefu mno.”

“Hawa Wazungu,” bibi alisema, “wamegawana nchi kama watoto waliogombania ukoko.”

Mjomba alicheka mpaka akakohoa moshi. Mama hakucheka. Aliuliza, “Pantoni ndiyo nini?”

“Sakafu inayoelea, dada. Mbao juu ya mapipa. Lori linapanda, nyinyi mnasimama ubavuni mwake. Kuna kamba nene imefungwa ukingo huu mpaka ule. Watu wanaishika, wanavuta, na sakafu inakwenda.”

“Na maji yako wapi?”

“Chini ya nyayo zako. Kushoto, kulia, mbele. Ukitazama ng'ambo, huioni. Na huo ni Luapula. Kabla yake kuna mto mwingine, pantoni yake ndogo zaidi, hiyo inayumba kama mlevi wa ulanzi.”

Mama alimhamisha Yoeli kutoka mgongoni hadi kifuani, akamfunga upya. Maji tuliyoyajua sisi yalikuwa ya mto wetu wa bondeni, ambao unauvuka kwa kurukia mawe, na baridi yake inakata vidole. Sikuweza kuwaza maji yasiyo na ng'ambo. Nilijaribu kuwaza ukungu wa asubuhi unaofunika bonde lote, halafu nikauweka chini ya miguu yangu, nikahisi natumbukia.

Bibi alikuwa ameshaokota kile kiazi cha Kongo akakifukia kwenye majivu ya moto. Baadaye alikitoa, akakipuliza. “Kongo imeiva,” alisema, akanimegea nusu. Niliila. Ilikuwa tamu, na hofu haikupungua.

Siku iliyofuata mjomba aliona heri atuonyeshe kabisa. Aling'oa ubao wa mlango wa zizi, akaulaza juu ya magogo ya miwati, ile miti inayouzwa magome, yaliyokwisha kumenywa, laini na yenye utelezi. Kamba ya katani akaifunga kwenye mti wa mwati upande mmoja wa ua, na upande wa pili kwenye nguzo ya kihenge cha mahindi. Majirani walikuja na watoto wao. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama kile, na mjomba alijua, maana alivaa kofia yake.

“Abiria, shukeni kwenye lori! Wewe mama mwenye mtoto, simama katikati! Mwenye kuku, kuku wako wakipiga makelele mamba watasikia!”

Mama alipanda ubaoni na Yoeli mgongoni. Wanaume wawili wa jirani wakavuta kamba, magogo yakabingirika, na ubao ukasogea kwenye majani yenye umande. Watu walipiga vigelegele. Mama alishika mabega ya mtu wa mbele yake kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Niliona ujasiri. Nikajisemea, tazama, mama haogopi hata kidogo.

“Hiyo pantoni yenu imepita kwenye mboga zangu,” bibi alisema kutoka mlangoni.

“Utalipwa na serikali ya Kongo, mama!”

Kisha mjomba akaniona nimekaa uvunguni mwa kihenge. “Na wewe mbona umejikunyata? Kule asiyevuta anaachwa ukingoni. Mamba naye ana watoto wa kulisha.”

Wote walicheka, na mimi nikasimama. Nilishika kamba mbele ya macho ya watu wote wale, masikio yamewaka, nikavuta. Mikono iliteleza nikaanguka kwa makalio. Mjomba alinishika viganja akavigeuza juu chini. “Ah, mikono ya sisimizi hii! Kwa mikono hii tutakuacha Kongo.”

Alikuwa anatania. Leo najua. Alikuwa mtu wa kutania hata msibani. Lakini mimi nilikuwa nimekaa siku zile zote nikitafuta neno litakaloniambia kama nakwenda au nabaki, na sasa nimelipata kutoka kwa mtu aliyevuka Luapula mwenyewe: anayevuta anavuka, asiyevuta anabaki. Kumbe jambo halikuwa la kuamuliwa na wakubwa. Lilikuwa mikononi mwangu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kisiki cha mwati. Mjomba alipomaliza na ile kamba, niliifunga pale, nikaanza kuvuta. Nilivuta asubuhi nikitumwa kuni, nikavuta mchana Yoeli akilala. Kisiki hakikusogea, wala sikutegemea kisogee. Nilitaka mikono tu ijue kazi. Malengelenge yalitoka, nikayatoboa kwa mwiba wa mlimau. Yakatoka mengine chini ya yale. Wakati wa kula nilipoza ugali kwa kuupuliza muda mrefu, bibi akanisema kwamba namchezea Mungu chakula chake. Nilikunja ngumi, nikala kwa ncha za vidole.

Na mama siku hizo alikuwa akifungasha. Alifunga mzigo, akaufungua, akaukunja upya, akaufunga. Aliimba tenzi za kanisani tangu kuamka mpaka kuinjika ugali, utenzi mmoja juu ya mwingine bila kumaliza hata mmoja. Nilimsikiliza nikiwa na kisiki changu, nikafikiri: ana furaha kiasi hiki, na mimi nitamharibia nisipovuta vizuri. Siku moja alifua gauni langu la kanisani. Nililiona limeanikwa uani, dogo, linapigwa na upepo karibu na kanga zake. Nilirudi kwenye kisiki nikavuta mpaka nikaona nyota.

Mjomba alitangulia Makambako na mizigo yetu yote ili atushikie nafasi. Sisi tulipaswa kupitia hospitali ya Njombe kupata chanjo ya ndui, kwa sababu bila cheti mpakani Tunduma hupiti. Bibi alitusindikiza mpaka njia panda. Aliweka maji kinywani akatupulizia vifuani kutubariki, mama, Yoeli na mimi. Mimi pia! Nilikaribia kumwambia habari ya kisiki. Niliyameza, nikatembea.

Hospitalini palikuwa na foleni ya watu waliovaa mablanketi. Dresa, yule wa kuchanja, alikuwa kijana nadhifu, koti jeupe, sauti ya chini. Alimchanja mama, akamchanja Yoeli aliyelia mpaka watu wa foleni wakamwonea huruma dresa. Akawaandikia vyeti. Zamu yangu ikafika.

“Nyoosha mkono, binti.”

Nilinyoosha mkono, ngumi nimeifunga.

“Fungua. Mimi sili vidole.”

Nikafungua. Aliuvuta mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha, akataka na ule mwingine. Viganja vyangu vilikuwa na vidonda vibichi, malengelenge yenye maji, mengine yenye usaha. Aliniuliza nini hiki. Nilifungua mdomo. Watu wote wa foleni walikuwa wananisikiliza, na mbele ya watu wale ningesema nini, kwamba navuta kisiki? Nilimtazama mama aniokoe.

“Mama, mtoto ameungua?” dresa aliuliza. “Ameshika kazi gani?”

Mama alikuwa akimfuta Yoeli kamasi. “Sijui, bwana.”

“Amepata homa?”

“Sijui. Alikohoa kidogo.”

Dresa aliachia mikono yangu taratibu. “Ndui nayo hupenda viganja. Sisemi hii ni ndui, mama. Nasema siwezi kutia sahihi mpaka vidonda vikauke nivione tena. Mrudishe nyumbani, asichangamane na watoto.” Foleni ikasogea nyuma kama majani yaliyopulizwa.

Yaani mikono niliyoitengeneza inivushe, ndiyo iliyonifunga. Sikulia. Nilikuwa nimeganda. Kwenye lori la kwenda Makambako, alikokuwa mjomba na mizigo yetu, nilikaa mbali na watu kama nilivyoambiwa, nikitazama mashamba yakirudi nyuma, nikijua kila kilima kinachopita sasa nitakiona tena nikiwa peke yangu.

Upepo wa Makambako haubishi hodi. Mjomba alitusubiri kando ya lori lililofunikwa turubai, kofia ameishika kwa mkono isipeperuke, na mizigo yetu alikuwa ameshaipanga juu. Mama alimweleza. Mjomba alitazama vyeti, akanitazama mimi, akavuta midomo.

“Basi ni rahisi,” alisema. “Wewe na Yoeli mna vyeti. Huyu nitamtafutia mtu wa kumrudisha kwa bibi yake leo hii. Nikija likizo nyingine nitamchukua.”

Ndivyo lilivyotoka, neno nililolisubiri kwa kipindi chote kile, na lilitamkwa kama mtu anayeuza kuku. Nilishika pindo la kanga ya mama. Nilikuwa nimeshajiapiza sitashika.

Mama aliikaza mbeleko ya Yoeli. Aliuliza, “Yale maji, Zakaria. Ulisema ng'ambo haionekani.”

“Inaonekana, dada. Nilitia chumvi tu.”

“Na ile ndogo inayoyumba?”

“Inayumba kidogo. Kila kitu kinayumba! Panda, utingo anatuita.”

“Chumvi yako ilikolea,” mama alisema. Alitazama juu ya lori, palipokaa akina mama wengine na vitoto vyao, halafu akatazama barabara ya Mbeya ilivyonyooka. “Nishushie mzigo wangu.”

“Dada!”

“Mdogo wa watoto hawa ananyonya, mkubwa haruhusiwi. Nishushie.”

“Nitamwambia nini shemeji? Mtu ametafuta nyumba, ameitia chokaa!”

“Mwambie mtoto hana cheti.”

“Na wewe unacho!”

Mama alinyoosha mikono kupokea mzigo. Mjomba aliurusha kuliko kuushusha, akapanda bila kuaga, kisha lori lilipoanza kuondoka akavua kofia akatupungia, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa na hasira. Nilisimama pale vumbi likinijaa machoni, na furaha ilinijaa mpaka nikaionea aibu. Nilifikiri: amenichagua mimi. Kati ya baba na mimi, amenichagua mimi.

Tulirudi Njombe kwenye lori tupu lililokuwa linakwenda kubeba magome ya miwati. Tulikaa kwenye magunia, migongo kwenye kibanda cha dereva, na mama akanivutia kwake, ingawa niliambiwa nisichangamane. Alichukua mkono wangu mmoja, akaufungua juu ya goti lake.

“Kisiki hakikusogea?” aliuliza.

Nilidhani upepo umenichezea.

“Nilikuona tangu siku ya kwanza,” mama alisema. “Nilikuwa nachuma majani ya maboga. Nikasema mtoto anacheza, ataacha. Hukuacha.” Alifunika kiganja changu kwa chake. “Pale kwa dresa, neno lilifika hapa.” Aligusa koo. “Ningesema ni kamba tu, angecheka, angetia sahihi. Nikalimeza.”

“Kwa nini, mama?”

Lori liliruka kwenye shimo, akamshika Yoeli kwa nguvu kuliko shimo lilivyohitaji.

“Mimi niliposimama juu ya ule ubao wa mjomba wako,” alisema, “juu ya majani, uani kwetu, miguu ilikuwa inanitetemeka. Je, juu ya maji? Na huyu mgongoni. Nikiteleza, nani atamshika? Tangu Zakaria aseme ng'ambo haionekani sijalala.”

Kumbe zile tenzi. Kule kufunga na kufungua mzigo. Ule uso mkavu. Nilikuwa nimesoma kila kitu kinyume, kama mtu anayeshika kitabu juu chini. Hatukujua wakati ule kwamba baba angerudi mwenyewe mkataba ukiisha, mwenye afya na mwenye hasira kidogo. Tuliyoyajua ni kwamba mume amepaka nyumba chokaa na mke amerudi. Na ile furaha yangu ya Makambako ikanitoka. Hakunichagua mimi. Aliogopa, na mimi nilikuwa njia ya kuogopa bila kusemwa. Lakini sikumchukia. Kilichonijia kilikuwa kizito kuliko chuki: mama yangu, ambaye nilidhani atanivusha kila kitu, alikuwa mtu wa kuvushwa.

Tulilala kwa ndugu pale Ramadhani, kitongoji cha Njombe, na siku ya pili tukafika Kifanya jua likiwa juu. Ua wa bibi ulikuwa umejaa majani makavu na mavi ya mbuzi, chafu kama ua wa mtu mgonjwa. Bibi alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele, lakini kuna mambo hakumwachia mwinjilisti. Mtu wa nyumba yake akienda safari ndefu, ua haufagiwi mpaka habari ije kwamba amefika, usije ukamfutia nyayo. Alikuwa amekaa katikati ya uchafu ule akipukuchua njegere, na alipotuona, ungo ulimponyoka.

“Kamwene,” mama alimwamkia, akapiga magoti.

“Kamwene, mwanangu.” Bibi alitazama nyuma yetu, akatafuta mtu wa nne. “Zakaria yuko wapi? Nini kimewarudisha?”

Mama aliinamisha kichwa. Niliona shingo yake, na kitambaa cha kumfungia Yoeli kilivyozama begani. Yule alikuwa mama wa mume wake. Aliyekuwa akisubiri kwenye nyumba iliyopakwa chokaa alikuwa mtoto wa yule mwanamke. Mama alifungua mdomo, na nikajua kwamba neno limefika pale pale, kooni, na kwamba safari hii halitashuka wala kupanda.

“Mimi, bibi,” nilisema. Sauti ilitoka kubwa mpaka kuku wakageuka. “Niliugua mikono. Dresa akanikatalia.”

Bibi aliniita kwa kidole. Alishika viganja vyangu, akapitisha kidole gumba chake taratibu juu ya mistari ya vidonda, kutoka upande huu mpaka ule, jinsi kamba inavyopita. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama, muda mrefu, na mama hakuinua uso. Kisha bibi aliinuka kwa kushika goti, akaenda hadi ukutani alikoegemeza ufagio, akanirudia nao.

“Fagia polepole,” alisema. “Wasafiri wamefika.”